Maji ya Kuoshea Ndege

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkanipigia makofi, kisha mmoja wenu akasema, "Mzee, tuandikie ulivyofanya kazi, nasi tujifunze." Nilicheka. Cha kujifunza kwangu ni kidogo, na hicho kidogo ni cha kuogopwa zaidi kuliko kuigwa. Lakini mstaafu hana pa kwenda asubuhi, na mimi hata nilipokuwa kazini sikupenda kwenda popote. Basi nimekaa, naandika. Vyeo sitavitaja, mlikuwa mkiviona begani. Mshahara sitautaja kwa kuwa haukuwa wa kutajika. Nitawaeleza habari za ndege moja ya kivita niliyoitunza ikiwa hai, nikaitunza ikiwa maiti, na nusura inivunjie nyumba.

Mimi ni mtu wa Msambweni, tena mtu wa nyumbani. Kuna wanaosikia honi ya basi miguu ikawawasha. Mimi huniuma tumbo. Nilipomaliza kidato cha nne nilimsindikiza binamu yangu uwanjani Kwale, ambako wanajeshi walikuja kuchagua vijana. Binamu alikuwa na kifua, mbio na hamu. Mimi nilikuwa nimebeba viatu vyake. Daktari wao akamkataa kwa ajili ya meno, akageuka akaniambia mimi nifungue kinywa. Nikafungua, nikidhani ni adabu tu. Haukupita muda nikawa bara, kwenye kambi ya jeshi la anga, nimevaa sweta mbili na ninalia ndani ya blanketi kama mtu aliyefiwa. Binamu alibaki Msambweni, akaoa, akanenepa. Sijamsamehe mpaka leo.

Siku ya kwanza karakanani nilipelekwa kwa Sajini Mwero, fundi mkuu wa bodi za ndege. Alikuwa amelala chali chini ya bawa, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Wa wapi wewe?" miguu iliniuliza.

"Msambweni, afande."

"Ukoo gani?"

Nikamtajia wa baba na wa mama. Akajitoa chini ya bawa, akasimama, akaninusa begani. "Ndiyo maana tangu asubuhi karakana yangu inanuka papa."

Hapo nikajua nimepata mtani. Yeye alikuwa Mduruma wa Kinango, na ukoo wake na ukoo wa mama yangu walianza kutaniana zamani kabla ya hiyo serikali iliyotuajiri. Kwa msiojua, mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kumcheka marehemu mbele ya wafiwa, na hata kulizuia jeneza njiani mpaka akombolewe kwa chochote, na hakuna wa kukasirika. Nikamjibu kwamba sisi tunanuka samaki kwa sababu tunakula. Wao wa Kinango hawanuki maji kwa sababu hawajayaona. Mafundi wengine waliganda, wakingoja nifungwe. Sajini akacheka mpaka akashika ngazi, kisha akanipa tambara, akaniambia nifute mafuta sakafuni. Nilifuta mafuta hayo muda mrefu sana.

Alichonifundisha ndicho nilichowafundisha nyinyi, mkanuna. Kila spana ina kivuli chake kilichochorwa ubaoni, na hakuna atakayekwenda kula kivuli kimoja kikiwa hakina mwenyewe. Kioo cha fundi wa meno kilichofungwa kwenye kijiti ndicho kinachoona nyuma ya bomba pale jicho lako lisipofika. Waya wa kufungia nati huzungushwa upande wa kukaza. Aliyezungusha upande wa kulegeza aseme mapema, tumzike na rubani wake. Na ndege yoyote iliyoshuka pwani ikarudi, ioshwe siku hiyo hiyo, kila pembe, kwa maji matamu. "Hewa ya kwenu ina chumvi," Sajini aliniambia, kana kwamba nimeitia mimi. "Inakula bati hili kama mchwa alavyo mlango. Nje pazuri, ndani unga."

Sasa ndege yenyewe. Ilikuja kwetu bendera ikiwa bado mpya, imeshatumika kwa wenyewe walioiunda mpaka wakaichoka, nasi tukaipokea kwa bendi. Sisi mafundi tukaiita Bibi Harusi, kwa kuwa ilishinda ndani ikipambwa, ikitolewa nje watu walisimama wote kuitazama, ikizungushwa mara moja irudi ndani. Ilivuja. Sijui kitu kilichokuwemo ndani yake kisichovuja: mafuta ya kuendeshea, mafuta ya magurudumu, hewa. Ukiziba hapa, yanatokea kule, kama maneno ya uani. Kwa kila safari moja ya kuruka sisi tulilala chini yake siku kadhaa, mabeseni yakiwa kifuani.

Mtaniuliza, ilipigana na nani? Na mbuzi. Kila sikukuu ya taifa ilipitishwa chini chini juu ya viwanja, viongozi wakashika kofia, watoto wakalia, na mbuzi wa wilaya nzima wakakata kamba. Sajini alikwenda likizo Kinango akarudi amekasirika: shangazi yake alikuwa anakamua ng'ombe Bibi Harusi alipopita, na kibuyu kizima kikamwagika. "Adui wa nchi hii," alisema, akipiga ubapa wa bawa, "ni maziwa ya shangazi yangu." Hiyo ndiyo historia yote ya vita vyake. Haikumwangusha rubani hata mmoja, na hilo nalisema bila mzaha, kwa sababu Sajini Mwero hakulala mpaka akione kila kivuli kimepata spana yake.

Sajini alistaafu kabla ya ndege yake, akarudi kwa ng'ombe zake. Miaka michache baadaye Bibi Harusi naye akaambiwa basi. Hapo ndipo akili za wakubwa zilipoanza kufanya kazi.

Kwetu kulikuwa na mheshimiwa mmoja, jina lake silitaji, hana haja ya kuongezewa umaarufu. Vanga walimwomba barabara. Msambweni walimwomba maji ya bomba. Yeye alikwenda jijini akarudi ameomba ndege. Wenzake wana sanamu, alisema, nasi tuwe na kitu cha kuonyesha uhuru umefika. Akapewa. Bibi Harusi akang'olewa injini, akakatwa mabawa, akapakiwa kwenye lori refu, akavushwa kivukoni Likoni, akaja kuungwa tena kando ya njia panda Msambweni, juu ya jukwaa la saruji, bahari ikimpumulia ubavuni. Siku ya kuzindua mheshimiwa alisimama chini ya pua yake akatangaza, "Leo Msambweni tumeruka!" Nyuma yangu mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Tumeruka tukaangukia wapi?"

Nimetaja kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Basi sikilizeni riziki inavyokuja imevaa nguo za kipuuzi. Amri ilisema maadamu ndege hiyo imesimama pale, jeshi liweke fundi wa kuitunza. Nani anatoka Msambweni? Mimi. Nilipopewa barua ya kuhamishwa sikutembea, nilielea.

Maana nyumbani kulikuwa kumechacha. Mke wangu Mwanasha nilimwoa wakati wa likizo, nikamwacha kwetu, na tangu hapo alinijua kwa likizo. Bara alikataa kabisa. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo nguo zinakauka kwa siku tatu na watu wanakula bila nazi. Alilea watoto peke yake, akamzika mama yangu mimi nikiwa chini ya bawa. Siku niliporudi na barua ile aliisoma, akanirudishia, akaniambia polepole, kama mtu anayepima kitambaa:

"Nimefurahi, Baba Saidi. Lakini nakuambia mapema. Safari hii ukiondoka tena, mkono wa kwaheri usinipe. Nipe talaka yangu, nijue moja."

Mwanasha hakuwa mtu wa kusema neno mara mbili. Nikaelewa kwamba ndoa yangu sasa imesimama juu ya jukwaa la saruji, imefungwa kwa bolti nne.

Nikaitunza ndege ile kuliko ilivyotunzwa ikiruka. Kila wiki lori la maji lilikuja kutoka kambini ng'ambo ya kivuko, tangi limejaa maji matamu, nami nikapanda ngazi na bomba na brashi, nikamwosha Bibi Harusi tangu pua mpaka mkia. Nzi walinizoea. Watalii wa Diani walisimamisha magari wakanipiga picha. Mjini jina langu likawa Bwana Ndege, na si kwa heshima. Sikujali. Nilikula samaki wangu mchana, nikalala nyumbani.

Kisha mvua zikakosa. Zikakosa tena msimu wa pili. Kinango mabwawa yakawa vumbi, na wenye ng'ombe wakaanza kuwashusha huku pwani. Kwetu nako visima vikashuka, na kisima cha karibu na bahari kikishuka, bahari ndiyo inayoingia. Maji yakawa ya chumvi. Chai ikanywewa kama dawa, watoto wakaumwa matumbo. Na katikati ya hali hiyo, kila wiki, lori likaja limejaa maji matamu yakaenda kuoshea ndege isiyo na injini. Akina mama waliokuwa wakipita na madebe walisimama ng'ambo ya barabara wakinitazama. Hawakutukana. Afadhali wangetukana. Mwanasha alikuwa miongoni mwao. Naye alichota kisimani kama wengine, akakataa nimletee hata kikombe kutoka kwenye lori. "Hayo ni ya mke mwenzangu," alisema.

Wiki moja lori limefika, nimeshika bomba, nikasikia sauti nyuma yangu:

"Hodi msibani!"

Nikageuka. Sajini Mwero, amekonda, fimbo ya kuchungia mabegani, nguo zake zote zina rangi ya vumbi la Kinango. Alikuwa ameshusha ng'ombe waliobaki.

"Shikamoo, Sajini! Msiba upi?"

"Marahaba. Huu hapa. Pole sana, mtani. Amefariki lini?"

"Nani?"

"Bibi Harusi." Akaizunguka ndege taratibu, mikono nyuma, akitikisa kichwa kama mtu aliyekuja matangani. "Nimezika watu wengi. Maiti huoshwa mara moja, akasitiriwa, akapelekwa. Huyu wako naambiwa anaoshwa kila wiki na hazikwi. Alifanya dhambi gani isiyotoka?"

Ng'ambo ya barabara mama mmoja akacheka, wa pili akamfuata, mara wote wakavuka. Sajini akenda nyuma ya lori, akaketi chini, mgongo kwenye mfereji wa tangi.

"Mimi ni mtani wa mfiwa. Hapa nimezuia. Nikomboe."

"Inuka, Sajini, hii ni kazi."

"Na mimi nipo kazini. Nikomboe kwa maji. Mimi na hawa mama."

"Hao ni wa hapa hapa, si watani wako."

"Msiba mkubwa huu. Watani wameongezeka."

Wakacheka tena, madebe yakagongana. Mimi sikucheka. Niliinama karibu naye nikamwambia mambo yote: amri, ukaguzi, neno la Mwanasha. Nikamwambia, "Na wewe ndiye uliyenifundisha. Kila pembe, kwa maji matamu."

Utani ukamtoka usoni. "Nilikufundisha kuosha ndege inayoruka," alisema. "Juu yake alikuwa anapanda kijana wa watu. Humu mna nani?"

Nikapanda ngazi nikachungulia kioo cha chumba cha rubani, sijui kwa nini, kana kwamba sikujua jibu. Kwenye kiti cha rubani alikuwepo kuku wa jirani, ameatamia.

Nikashuka, nikafungua mfereji.

Dereva wa lori hakuuliza. Kwake muhimu lilikuwa tangi lirudi tupu. Mama wakajipanga, Sajini akawa askari wa foleni, akimtania kila mmoja debe lake. Mwanasha alifika mbele yangu na mtungi, akasema, kama hanijui, "Bwana Ndege, nijazie." Nikamjazia. Akauliza kwa sauti ya chini, "Wakija kukagua?" Nikasema najua. "Na neno langu unalikumbuka?" Nikasema nalikumbuka. Akajitwika mtungi akaenda zake, nami nikabaki sijui kama nimesifiwa au nimepewa notisi.

Sajini ndiye aliyetoa shauri la kitaalamu. Yabakizwe madebe machache kila wiki, ioshwe ndege upande wa barabarani tu. "Wakubwa hukagua kwa gari," alisema. "Hawashuki." Basi Bibi Harusi akawa na mashavu mawili: la barabarani linang'aa, la baharini linaota kutu nyeupe, ile inayovimba chini ya rangi kama upele. Nilifanya kazi hiyo kwa ustadi kuliko zote nilizowahi kufanya, na ndiyo pekee ambayo hamkunisikia nikiifundisha darasani.

Kiangazi kilikuwa bado kimekaza alipokuja Meja kutoka makao makuu. Meja huyu, kwa bahati yangu, alishuka. Alisifu shavu la barabarani. Kisha akazunguka. Akachomoa penseli mfukoni, akaigusa bawa, na penseli ikapita mpaka ng'ambo, bila nguvu, kama inatoboa mkate wa mofa.

"Fundi. Nini hiki?"

"Chumvi, afande."

"Na maji tunayoleta kila wiki yanakwenda wapi?"

Ilikuwa siku ya lori. Foleni ilikuwa imeshajipanga nyuma yake, imekunja kona. Bibi mmoja aliyekuwa mbele aliona cheo cha Meja begani, akamwendea moja kwa moja.

"Shikamoo, baba. Wewe ndiye mwenye lori?"

Meja, mtu wa bara aliyelelewa vizuri, akasema polepole, "Marahaba, mama."

"Mwenyezi Mungu akujaze kheri. Mjukuu wangu tumbo limetulia." Akamshika mkono wake kwa mikono yake miwili, na foleni nzima ikaitikia amina. Nimeshuhudia maafisa wakipigiwa saluti nyingi. Sijamwona aliyetaabika kwa saluti kama huyu. Alitazama madebe, akatazama bawa, akairudisha penseli mfukoni.

Aliandika mambo mawili. La kwanza, ndege imeharibika, haifai maonyesho, iuzwe vyuma chakavu, na fundi wake arudi kambini bara mwisho wa mwezi. La pili, ndege iendelee kuoshwa kila wiki kama kawaida mpaka itakapoondolewa. "Kama kawaida," alirudia, akinitazama. "Kawaida yenu hapa." Nilimpigia saluti kwa moyo, na huo ndio wakati pekee katika utumishi wangu. Kuiondoa ndege kulichukua muda mrefu kuliko ukame. Hakuna ofisi iliyofanya haraka, na dereva akawa anafungua mfereji mwenyewe. Wenye mashoka walipokuja hatimaye, walimkatakata vipande. Bati la mkia wake nililiona juzi Vanga, limekuwa mlango wa choo. Unafunga vizuri. Ni kazi ya kwanza aliyoifanya bila kuvuja.

Lakini mimi sikungoja kuona hayo. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu. Sajini alikuwa amesogea mbali na ng'ombe zake kufuata malisho, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunifanya nicheke. Nilikwenda nyumbani mchana, nikamkuta Mwanasha uani anakuna nazi. Nikaketi kwenye kizingiti, mahali pa mgeni.

"Amekuja," nilisema.

"Nimesikia. Na nyuma alizunguka?"

"Alizunguka."

Akaendelea kukuna. Mimi nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, maneno ya kiume, nikayakosa yote. Nikasema tu kwamba naondoka mwisho wa mwezi, na kwamba neno lake nalikumbuka, na kama analitaka nitakwenda kwa kadhi, simzuii.

"Huko bara," aliuliza, "baridi yake watu hufa?"

"Hawafi. Hutamani tu."

"Nazi zipo?"

"Zinaletwa. Kavu."

"Tobaa." Akakung'uta chicha mikononi, akasimama, akaingia ndani. Nikasikia sanduku linaburutwa kutoka chini ya kitanda. Nikadhani ni langu. Nilipochungulia alikuwa anakunja kanga zake, moja baada ya nyingine, na nguo za watoto pembeni.

"Mwanasha," nilisema, "ulisema talaka."

"Nilisema. Yule Bwana Ndege nilikuwa nimemchoka, ningemwacha bila kugeuka." Akaibana kanga kwa kidevu, akaikunja. "Lakini huyu aliyekuwa anagawia watu maji, suruali imelowa mpaka magotini, anasukumwa na wanawake na hasemi kitu, huyu sijamaliza kumcheka. Nitamwachia nani?"

Kisha akanirushia sweta yangu, akaniuliza kama hiyo ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu anaichukua yeye.